Baki ya klorini

Neno "dawa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Kidonge cha malaria ni dawa, sumu ya panya ni dawa, kinachopuliziwa viazi visishikwe na ukungu ni dawa, na unga mweupe unaokorogwa kwenye mtambo wa maji ya mji nao ni dawa. Kwa hiyo kiangazi, Juni hadi Oktoba, mboga za uani pale Njombe mjini zinapotegemea bomba, ni kawaida kusikia kwamba maji yale "yana dawa" na yanaua udongo. Msemaji ana sababu zake. Amewahi kubeba bomba la mgongoni lenye dawa ya magugu, akaona majani yalivyogeuka njano siku chache baadaye.

Hicho anachokihofu wataalamu wa maji wanakipima kila siku. Kwa Kiswahili kinaandikwa kwa namna kadhaa: mabaki ya klorini, masalia ya klorini, klorini iliyobaki. Yote yanaeleweka, ila mawili ya kwanza yananuka uchafu. Mabaki ni makombo ya jana. Masalia tumezoea kuyasoma pamoja na viuatilifu, kwamba nyanya fulani zimekutwa na masalia mengi kuliko inavyoruhusiwa. Mtu akisikia maji yana masalia, anaelewa kuna kitu kilichopaswa kutolewa na hakikutolewa. Mimi nachagua "baki ya klorini", baki ileile ya hesabu za darasa la pili: kumi kutoa saba, baki tatu.

Maana ni hesabu ya kutoa kwelikweli. Mwendesha mtambo anatia klorini kiasi fulani. Hiyo ni dozi. Sehemu ya dozi inaishia kuua vimelea, na sehemu kubwa zaidi, hasa masika mito inapochafuka, inaliwa na matope, chuma na chembe za majani yaliyooza. Hilo ni hitaji la maji. (Ndiyo sababu maji machafu hutiwa shabu kwanza ili tope lituame, vinginevyo klorini yote ingeishia kwenye tope.) Dozi kutoa hitaji ndiyo baki, na baki hiyo inaachwa kwa makusudi, ikalinde maji safarini ndani ya mabomba, ambamo ufa mdogo unatosha kuingiza kinyesi. Mji wa Lincoln, Uingereza, ulianza kutia klorini mfululizo mwaka 1905 baada ya homa ya matumbo kuua watu. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri baki ya miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa ya klorini kukaa na maji, isipungue 0.2 yanapomfikia mtumiaji, na isizidi 5.

Sasa tulete keni bustanini. Lita kumi za maji yenye baki ya 0.5 zina miligramu tano za klorini. Chukua tuta la chainizi la mita moja mraba. Sentimita kumi za juu za udongo wake ni kama kilo mia moja, na ikiwa mboji ni sehemu tatu tu katika mia, hapo pana kilo tatu za mboji. Miligramu tano zinakutana na miligramu milioni tatu. Hesabu ya kutoa iliyoanzia mtamboni inaendelea, na safari hii haibaki kitu: klorini inaliwa na mboji kwenye sentimita za juu kabisa. Bakteria wachache wa juu wanakufa, wenzao wa chini wanajaza nafasi. Mizizi haijui kama kuna lililotokea.

Mama mmoja mwenye kitalu cha miche ya parachichi nilimuuliza anamwagilia maji gani.

"Ya kijitoni, baba. Ya bomba yana chumvi ya dawa, parachichi haipendi."

Jibu lake lina ukweli nusu, na ukweli huo unatokana na majina mawili yanayofanana. Klorini ni gesi kali ya rangi ya kijani-njano. Humphry Davy aliipa jina mwaka 1810 kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo, neno lilelile lililozaa klorofili, kijani cha majani. Kloridi ni klorini iliyokwisha kutulia, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Klorini ya bombani ikishaliwa na udongo hugeuka kuwa kloridi, na kloridi mmea unaihitaji kidogo. Parachichi kweli ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia kloridi nyingi: ncha za majani huungua zikawa kahawia. Ila tuangalie inatoka wapi. Mbolea ya kloridi ya potasiamu, ile MOP, karibu nusu ya uzito wake ni kloridi. Gramu mia moja zina gramu 47 hivi. Kuzipata gramu hizo kutoka kwenye baki ya 0.5 ungehitaji lita 94,000, yaani uniti 94 kwenye mita ya maji. Bili ingemmaliza mama kabla kloridi haijaugusa mche.

Nisiseme kwamba baki haina neno popote. Anayepanda maharage au soya na kupaka mbegu bakteria wa kuvuta naitrojeni, kama Nitrosua iliyotoka Chuo Kikuu cha Sokoine, asikoroge unga wa bakteria hao na maji yaliyotoka bombani sasa hivi. Pale hakuna kilo tatu za mboji za kuwakinga, kuna vijidudu vitupu ndani ya kikombe. Bwawa la samaki nalo lina shida hiyo. Maji yakae usiku kucha kwenye ndoo pana isiyofunikwa, au mchana juani, klorini itatoka. Kwa Njombe ningeongeza muda, maana kwenye baridi klorini hudumu zaidi. Julai, sakitu inapoanguka, ni afadhali kuyalaza maji ndani hata kwa sababu nyingine: maji ya baridi kali yanaisumbua miche michanga kuliko klorini inavyoweza.

Jambo la pili la kujihadhari nalo ni mabomba mapya. Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo katika mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, ambao mikataba ya ujenzi wake ilitiwa saini mwaka 2022. Bomba jipya au lililokarabatiwa husafishwa kwa klorini kali, makumi ya miligramu kwa lita, kisha hupaswa kusuuzwa. Mtaani kwako wakiwa wamechimba na maji yakaja yananuka kwa nguvu, yaache yatiririke kabla ya kuyapeleka kwenye miche.

Tuta la Njombe likidumaa, kabla ya kulaumu bomba ningeangalia kwanza tindikali. Udongo mwekundu wa nyanda hizi ni mchachu kiasili, chai inaupenda, lakini kabichi na maharage hayaupendi: fosforasi inafungwa, aluminiamu inaamka na kuumiza mizizi. Miaka ya kumwaga mbolea za SA na urea inauzidisha uchachu. Dawa yake (samahani kwa neno) ni chokaa ya kilimo na samadi. Makambako, kilomita zipatazo 60 kaskazini, ni pakavu zaidi na pana upepo; huko kinachoua mchicha ni maji kukauka kabla hayajazama, na matandazo ya nyasi yanasaidia kuliko kubadili chanzo cha maji.

Kulikwepa bomba kwa kurudi vinyungu, yaani bustani za mabondeni kando ya mito, si rahisi pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo wengi wa mjini watabaki na mpira wa bomba.

Baki yenyewe hupimwa kwa kidonge kidogo kinachotiwa kwenye chupa ya maji. Yakiwa ya waridi, klorini ipo, na rangi ikikolea ni nyingi. Mwisho wa mtandao, ambako maji yamesafiri mbali na kulala bombani, chupa yaweza kubaki nyeupe kabisa. Maji hayo mwenye bustani atayasifu kwamba hayana dawa. Ya kunywa ayachemshe.