Picha Kabla ya Sheria

Jana chini ya mlima Sagalla nilipiga picha takataka za korongoni: chupa, nepi, viatu. Juala nilipata moja tu, kuukuu, limenasa kwenye miiba. Zamani si hivyo!

Serikali ilijaribu kuyazuia 2007 na 2011, ikashindwa. Halafu James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, akaanza kuanika mtandaoni picha za jaa la Gioto, bila kuchoka. Waziri Judi Wakhungu akamuunga mkono, na 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza.

Tangu 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi hifadhini Tsavo. Huku nje, sawa tu. Lakini tembo wanavuka. Mavi yao niliyoyakuta yalikuwa na kipande cha plastiki ndani. Nimeyapiga picha pia.