Kidole Gumba Kiwekwe Wapi

Mtoto akizaliwa na kiguu, wayo wake huangalia ndani na kisigino hupanda juu, kana kwamba amesimama kwa ncha za vidole kuchungulia nyuma ya ukuta. Lugha yetu ina utani mkali: neno hilohilo ndilo tunalomtupia mtu asiyetulia nyumbani, kiguu na njia. Hali hii humpata mtoto 1 hivi kati ya kila 1,000 wanaozaliwa. Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Na wasee wengi wa rika langu hawajui kwamba miguu hiyo, karibu yote, inaweza kunyooshwa bila upasuaji mkubwa. Inanyooshwa kwa plasta, na mara nyingi anayeifunga hiyo plasta si daktari.

Historia ya jinsi tulivyofika hapo inategemea mahali pa kuweka kidole gumba. Sisemi kwa mafumbo.

Ukitaka kuugeuza mguu wa mtoto mchanga utoke nje, mkono mmoja unasukuma taratibu na mwingine unazuia. Usipozuia, mguu mzima unazunguka tu. Katika karne ya 20 bingwa wa Marekani katika jambo hili alikuwa Joseph Hiram Kite wa Atlanta, na yeye alifundisha kuzuia pembeni, katikati ya wayo kwa upande wa nje. Madaktari walimfuata. Watoto wakakaa kwenye plasta miezi mingi, miguu ikakataa kunyooka, halafu kisu kikaitwa kumalizia kazi.

Ignacio Ponseti alisema kidole kimewekwa pabaya. Ukibonyeza pale, unaufungia mfupa wa kisigino usigeuke. Kisogeze juu kidogo, karibu na kifundo, kwenye kichwa cha mfupa mdogo uitwao talasi, na mifupa mingine itazunguka yenyewe chini yake. Kwa mguu wa mtoto wa wiki mbili, kutoka hapo hadi pale si mbali hata kidogo.

Huyu Ponseti alizaliwa 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, na baba yake alikuwa fundi wa saa. Napenda kufikiri kwamba mikono yake ilijifunza pale dukani kutolazimisha kitu kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alikuwa daktari upande wa Jamhuri, akitibu mifupa iliyovunjika. Jamhuri iliposhindwa mwaka 1939, aliwavusha majeruhi milima ya Pyrenees hadi Ufaransa, kisha akapata hifadhi Mexico, akawa daktari wa kijijini. Mwaka 1941 alifika Iowa. Huko alipewa kazi ya kuwatafuta watu waliopasuliwa viguu utotoni ili aone wanaendeleaje. Aliikuta miguu migumu, inayouma, miguu ya wazee kwenye miili ya vijana. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa amepata njia yake: plasta mpya kila wiki, tano au sita hivi, kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Kisha, kwa watoto wengi, mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, plasta ya mwisho ya wiki tatu, na viatu vilivyounganishwa na chuma. Viatu hivyo huvaliwa karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi mtoto afikishe miaka minne.

Aliyaandika yote haya kwenye jarida la kitabibu mwaka 1963. Kisha kukawa kimya.

Miaka thelathini, bana. Dawa ipo, imechapishwa, maktaba zinayo, na watoto wanaendelea kupasuliwa. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha madaktari wapasuaji wenye kiburi, waliopenda kisu kuliko plasta. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini mimi naona sababu nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike. Baadhi walijaribu. Walisoma, wakaenda kujaribu, wakakosea jambo moja au mawili, mguu ukakataa, wakasema njia haifanyi kazi. Ponseti mwenyewe alilalamika kwa miaka mingi kwamba watu wanaruka hatua ndogondogo. Karatasi haiwezi kukushika mkono ikakwambia, hapana, rudi juu kidogo.

Mambo yalibadilika mwaka 1995, wenzake walipochapisha hali ya wagonjwa wake wa zamani baada ya miaka thelathini. Asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Kwa watu waliozaliwa bila kiguu, kipimo hichohicho kilitoa asilimia 85. Mwaka 1996 akatoa kitabu. Halafu wakaja watu ambao hakuna profesa aliyewatarajia: wazazi. Walikutana kwenye intaneti ile ya zamani ya mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaambizana kuna mzee Iowa, wakapanda ndege na watoto wao. Mzee alikuwa amepita miaka 80. Madaktari nao wakaanza kumiminika Iowa, si kusoma tena, bali kusimama kando yake wakitazama mikono.

Sasa tuje huku kwetu, maana huku swali lilikuwa jingine kabisa. Marekani waliuliza kama njia hii inafaa. Sisi tuliuliza nani ataufunga huo mguu, wakati wapasuaji wa mifupa katika nchi nzima wangeenea kwenye matatu moja au mbili.

Malawi walikuwa na jibu kabla ya swali kufika. Tangu 1985 walikuwa wakifunza maafisa wa kliniki wa mifupa, watu wasio na shahada ya udaktari lakini wanaorudisha mifupa mahali pake, wanafunga plasta, wanaendesha kliniki wilayani. Kufikia 2008 walikuwa wamefunza zaidi ya 100. Plasta ya Ponseti ilipofika, iliingia mikononi mwao, na utafiti uliochapishwa 2005 ukaonyesha kwamba mikono hiyo inatosha.

Uganda walienda mbali zaidi. Daktari Mkanada Norgrove Penny alikuwa akifanya kazi huko, na Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa mpasuaji Kanada, akaungana naye. Pirani ndiye aliyetunga kipimo cha alama sita: unaangalia mikunjo, kisigino, ukingo wa mguu, kila dalili unaipa 0, nusu au 1. Jumla ikiwa 6, mguu ni mgumu kabisa. Ikiwa 0, umenyooka. Inaonekana rahisi, na huo ndio uzuri wake. Nesi wa Mbale na profesa wa Kampala sasa wangeweza kuongea kuhusu mguu mmoja kwa lugha moja, na fizio angeweza kujua kama wiki hii amesonga mbele au amepiga maktaimu. Mradi wao wa kitaifa ulianza 2004. Baada ya miaka michache watu karibu 800 walikuwa wamefunzwa na huduma ilipatikana katika hospitali 21. Lakini jambo la maana zaidi, kwangu, ni kwamba somo lile liliingizwa kwenye vyuo vyenyewe, vya madaktari na vya hao wengine, ili lisitegemee mgeni kuja na projekta.

Na viatu? Vya kununua ng'ambo vilikuwa ghali. Michiel Steenbeek, mtaalamu wa viungo bandia, alibuni huko Uganda aina inayoshonwa na fundi yeyote mzuri: ngozi, mbao nyembamba, raba, chuma cha kawaida. Kiatu kina tundu nyuma. Mama anachungulia tunduni. Akikiona kisigino kimekaa chini, kiatu kimevaliwa sawasawa. Akiliona tundu tupu, anavua anaanza upya. Nimesoma vitabu vizima vya afya ya jamii ambavyo havina akili iliyo kwenye tundu hilo moja.

Kenya ilikuwa na mizizi yake. Chuo tunachokiita KMTC kilianza 1927, na kwa miongo mingi kiliwatoa watu waliobeba hospitali za nchi hii bila majina yao kujulikana. Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kipo tangu 1958. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa Kijabe 1998. Ila angalia sheria zilivyochelewa: maafisa wa kliniki walipata sheria yao ya usajili 1988, na mafizio wakasubiri hadi 2014. Mtu anaweza kunyoosha miguu ya watoto maisha yake yote ya kazi, na kwenye vitabu vya serikali bado ni msaidizi wa mtu fulani.

Ugatuzi ulipokuja 2013, hospitali hizi zikaenda kwa kaunti 47. Hapo ndipo swali la nani atafunzwa, na nani atarudi kumwangalia baada ya mafunzo, likawa na majibu 47.

Binamu yangu ni fizio katika hospitali moja ya kaunti ambayo sitaitaja. Alienda mafunzo ya siku mbili. Kuna mtaala siku hizi ulioandaliwa kwa ajili ya Afrika kati ya 2015 na 2017, Chuo Kikuu cha Oxford na CURE wakiwamo: siku mbili za msingi, siku mbili nyingine za juu kwa waliokwisha kuanza kazi, na mafunzo ya walimu wenyewe. Ni mzuri. Unafunga plasta kwenye mguu wa mfano, kisha mguu wa mtoto wa kweli, mwalimu akiwa begani. Alirudi na cheti na hamu. Miezi minne baadaye akahamishiwa wodi ya watu wazima. Aliyepokea kliniki ya watoto hakuwa amefunzwa. Plasta ikaisha stoo, akina mama wakawa wanatumwa kununua dukani, na wengine hawakurudi.

Alirudishwa kliniki baada ya mwaka. Anasema mikono ilikuwa imesahau, na alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza kwa nini gari lililokaa sana haliwaki. Leseni yake inataka pointi za masomo ya kuendelea kila mwaka, na pointi alikuwa nazo, kutoka mihadhara ya mtandaoni kuhusu kila kitu isipokuwa mguu wa mtoto. Ni mfumo unaojua kuhesabu saa za kukaa kitini. Na sehemu ngumu kuliko zote haina hata saa hizo: kumshawishi mama kwamba mguu ulionyooka, unaopendeza, bado lazima uvalishwe chuma usiku kwa miaka minne. Mguu mwingi unaorudi kupinda hurudi hapo, kwa viatu vilivyowekwa juu ya kabati kwa sababu mtoto alilia, au nyanya alisema inatosha, au fundi wa viatu yuko mbali na nauli ni ya unga.

Kinachombeba kwa sasa ni grupu ya WhatsApp. Wako kama sitini, mafizio, maafisa wa kliniki, mafundi wa plasta, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye halali mapema. Hawaonyeshi uso wala jina la mtoto, ni mguu tu. Hakuna pointi hata moja inayotokana na grupu hiyo. Mwezi uliopita binamu alikuwa na mtoto wa wiki sita, plasta tatu, na alama za Pirani zimegoma kwenye 5. Akarekodi video ya sekunde ishirini akiwa ameushika mguu, akaituma usiku, tukaendelea kula.

Jibu la mstaafu lilikuja kabla hatujatoa sahani. "Kidole gumba kimeshuka. Kipandishe, usiharakishe." Jumatano plasta ya nne ilifungwa hivyo. Wiki iliyofuata mguu ulikuwa 4.