Hodi, Balozi na Alama za Vidole: Historia Fupi ya Faragha katika Nachingwea na Ruangwa



Wengi hudhani kuwa suala la faragha limeletwa na mitambo. Historia ya Nachingwea na Ruangwa yaonyesha kuwa chimbuko lake ni mlangoni pa nyumba. Mila ina neno lake, hodi: asiyekaribishwa haingii. Hata hivyo, lugha hiyohiyo yatuonya kuwa mficha uchi hazai. Jamii, basi, inahitaji sitara, na inahitaji pia kujuana.

Dola ya kikoloni haikupiga hodi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, ilibidi nyumba zihesabiwe na wenyewe wajulikane. Kipande nacho kikahesabu siku za kibarua. Kujulikana kukawa sawa na kudaiwa.

Katikati ya miaka ya 1960, TANU ilieneza mashina ya nyumba kumi kumi. Balozi alisuluhisha magomvi, alipeleka maagizo, na alitarajiwa kujua mgeni wa kila nyumba. Katika Nachingwea wajibu huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwani huko ndiko FRELIMO ilikokuwa na kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Hofu ya maadui haikuwa ya kubuni: tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililotumwa katika kifurushi. Kumwuliza mgeni atokako kulikuwa na sababu.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, lakini utaratibu wa balozi uliendelea. Jambo la kuzingatia ni kwamba balozi aliyewajua watu alijulikana nao pia. Walimchagua, waliweza kumsuta barazani, na mengi aliyoyajua aliyasahau. Jicho lake lilikuwa na uso.

Mtambo hauna uso wala hausahau. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofikia ukomo, tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa. Mkulima wa korosho wa Ruangwa akawa na alama zake katika hifadhi asiyoiona, chini ya mlinzi asiyemjua. Usajili huo wasaidia kuwanasa matapeli. Faida hiyo haikanushiki.

Ibara ya 16 ya Katiba, iliyotokana na mabadiliko ya mwaka 1984, inalinda maisha binafsi, maskani na mawasiliano ya mtu, na papo hapo inaitaka sheria iweke utaratibu wa haki hiyo kuingiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, iliunda Tume ya kuisimamia.

Kipimo cha sheria hiyo ni maswali ambayo mwanakijiji aliweza kumwuliza balozi wake ana kwa ana: wataka kujua nini, kwa sababu gani, hadi lini, na ukinidhulumu nikushtaki kwa nani? Pasipo majibu, huo si ulinzi bali ni kuingia bila hodi.