Maiki Yako Ilizaliwa na Hedifoni ya Kujitengenezea

Wasee wakibishana kuhusu hedifoni, mara nyingi wanabishana kuhusu jina lililoandikwa kwa kando. Hii ina besi, ile ni feki, hii nyingine inavaliwa na msanii fulani. Sawa tu. Lakini jina halitoi sauti. Kinachotoa sauti ni kile kispika kidogo cha ndani kinachoitwa draiva, na ndani ya draiva kuna ngozi nyembamba inayotingishika. Wacha tuiite kiwambo, kama ngozi ya ngoma. Kila kitu unachosikia, kuanzia gengetone hadi kwaya ya kanisani, kimepitia hapo.

Na historia ya hicho kiwambo ina stori moja ambayo nadhani kila kijana anayerekodi video anafaa kuijua. Mwanafunzi mmoja mweusi huko Marekani alijitengenezea hedifoni. Baada ya muda zikaanza kusumbua. Alipotafuta kwa nini zinasumbua, akafika kwa kitu kilichobadilisha maiki za dunia nzima. Anaitwa James West, na tutamfikia.

Kwanza, mjue kwamba hedifoni hazikuzaliwa kwa kampuni kubwa. Mwaka wa 1910, jamaa anaitwa Nathaniel Baldwin, wa jimbo la Utah, alitumia jeshi la wanamaji la Marekani hedifoni alizojitengenezea. Jeshi likazijaribu, likazipenda, likaagiza nyingine. Shida ni moja: Baldwin alikuwa anatengenezea jikoni kwake, kwa hivyo alikuwa anaweza kutoa kama 10 hivi kwa wakati mmoja. Ndiyo, jikoni.

Hedifoni nyingi tunazovaa leo zinatumia mpango uliokuja baadaye kidogo. Mwaka wa 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walieleza spika ya koili na sumaku jinsi tunavyoijua. Mwaka wa 1937, kampuni ya Kijerumani ya Beyer ikaleta DT 48, hedifoni iliyotumia mpango huohuo kwa udogo. Kazi yake ni rahisi: kuna waya umezungushwa kuwa koili, umegundishwa kwa kiwambo, na nyuma kuna sumaku. Muziki ukipita kwa waya kama umeme, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku, inatingisha kiwambo, hewa inasonga, unasikia ngoma.

Mpango huu ni wa bei nafuu, ni mgumu kuharibika, na unapiga besi vizuri. Ndiyo maana uko kila mahali. Lakini una shida mbili. Ya kwanza ni uzito. Koili ni waya, na kiwambo lazima kiubebe kila kikienda mbele na nyuma. Kitu kizito kinachelewa kuanza na kinachelewa kusimama, kwa hivyo vile visauti vidogo vya haraka, kama vidole vikiteleza kwa nyuzi za gitaa, vinaweza kupotea. Ya pili, koili inashika kiwambo sehemu moja tu. Inasukuma pale iliposhika, na sehemu zingine zinafuata nyuma zikipindapinda. Huo upindaji ni sauti ambayo msanii hakuirekodi.

Sasa fikiria ukiondoa koili kabisa.

Unakumbuka shule ya msingi mkisugua rula ya plastiki kwa nywele halafu inavuta vipande vya karatasi? Huo ni umeme tuli. Hakuna sumaku hapo, hakuna waya, na bado karatasi inaruka. Hedifoni za umeme tuli zinatumia nguvu hiyohiyo. Unachukua plastiki nyembamba sana, unaivuta ikaze, unaipaka kitu kinachoweza kushika chaji ya umeme. Unaiweka katikati ya sahani mbili zenye matundu mengi, bila kugusana nazo. Kiwambo unakipa chaji ya volti mia kadhaa, inakaa hapo imetulia. Halafu muziki unaupeleka kwa zile sahani. Sahani moja inavuta kiwambo wakati nyingine inasukuma, kisha zinabadilishana, maelfu ya mara kwa sekunde.

Uzuri wake ni kwamba nguvu inashika kiwambo chote kwa pamoja, si sehemu moja. Na kiwambo chenyewe ni chepesi ajabu. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Viwambo vya hedifoni hizi huwa mikroni 2 hivi. Panga viwambo 35 pamoja ndio upate unene wa unywele mmoja.

Plastiki yenyewe si kitu cha ajabu. Ni ndugu ya chupa ya soda. Inaitwa PET, iligunduliwa Uingereza mwaka wa 1941, na miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa ikiwa karatasi nyembamba yenye nguvu, kwa jina la Mylar. Ilipopatikana, watu wa sauti walikuwa na kiwambo walichokuwa wakitafuta. Mwaka wa 1957, Mwingereza Peter Walker akatoa spika nzima ya umeme tuli, Quad ESL, ambayo mpaka leo kuna watu wanazitunza kama mali ya ukoo. Japani, kampuni ya Stax ikaonyesha hedifoni za aina hiyo mwaka wa 1959 na kuanza kuziuza mwaka uliofuata. Ziliitwa SR-1.

Na ni miaka hiyohiyo ndipo James West anaingia.

West alizaliwa mwaka wa 1931 Farmville, Virginia, sehemu ya Marekani ambapo wakati huo weusi na weupe walitengwa kwa sheria. Alikuwa mtoto wa kufungua kila kitu. Akiwa na miaka 8 alirusha shoti kubwa akijaribu kuwasha redio aliyokuwa amerekebisha. Badala ya kuogopa, akataka kujua ule umeme ulimshikaje. Alipokuwa mkubwa na kusema anataka kusomea fizikia, babake hakufurahi. Alimkutanisha na wanaume watatu weusi waliokuwa na shahada za udaktari wa kemia na fizikia. Kazi nzuri zaidi waliyoweza kupata wote watatu ilikuwa posta.

Tusimcheke huyo mzee. Hakuwa mjinga, alikuwa anasoma nchi yake vile ilivyokuwa. Wazazi wetu wengi wanaposema "soma kitu ya kazi", hesabu yao ni hiyohiyo. West alisikia, akaenda fizikia tu.

Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Temple, alipata kazi ya likizo kwa maabara za Bell, New Jersey. Watafiti huko walikuwa wanapima jinsi masikio mawili yanavyotambua sauti iliyofika sikio moja kabla ya lingine, tofauti ndogo sana ya muda. Hedifoni walizokuwa nazo zilikuwa ndogo, hazikuwatosha watu wengi. West akaingia maktaba, akapata maelezo ya Wajerumani fulani kuhusu hedifoni za umeme tuli, akajenga zake kubwa zaidi, zenye karatasi ya plastiki na betri ya volti 500. Zikafanya kazi poa. Akarudi shule.

Miezi kadhaa baadaye akaambiwa zile hedifoni zimeshuka sauti. Akarudi kwa vitabu, akaona ushauri: geuza betri, upande chanya uwe hasi. Akageuza, sauti ikarudi. Mtu mwingine angeishia hapo, maana kazi imeisha. Yeye akauliza swali la kitoto: kwa nini? Na kwa sababu aliuliza, akafikia jaribio lingine. Akatoa betri kabisa. Hedifoni zikaendelea kulia.

Manze, fikiria hapo kidogo. Kifaa kinachohitaji volti 500, umekitoa volti zote, na bado kinaimba. Maana yake plastiki yenyewe ilikuwa imekula chaji na kuifungia ndani, kama sumaku inavyobaki sumaku. Kitu cha namna hiyo kinaitwa elektreti. Jina lilikuwepo tangu mwaka wa 1885, na Mjapani Mototaro Eguchi alikuwa ametengeneza elektreti za nta miongo mingi kabla. Lakini hizo zilikuwa nene. Hii ilikuwa karatasi nyembamba inayoweza kutingishika.

West na mwenzake Mjerumani, Gerhard Sessler, wakageuza wazo. Kama kiwambo kinaweza kutoa sauti, kinaweza pia kupokea. Mwaka wa 1962 walikuwa na maiki ya elektreti, na mwaka wa 1964 wakapewa hataza. Baadaye Teflon, ile ya kikaango kisichoshika chakula, ikawa nzuri zaidi kwa kushika chaji miaka na miaka. Maiki za studio za zamani zilihitaji volti nyingi kutoka nje. Hii ilibeba chaji yake yenyewe, ikawa ndogo na rahisi. Kwa miongo kadhaa ikawa ndani ya simu, kompyuta, vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri na rekoda za wanahabari. Simu mpya nyingi zimehamia maiki za silikoni, lakini ile maiki ndogo unayobana kwa kola ukirekodi? Kuna uwezekano mkubwa ni mjukuu wa hedifoni za West. Yeye mwenyewe aliingia kwa jumba la heshima la wavumbuzi Marekani mwaka wa 1999, akiwa na hataza zaidi ya 200.

Sasa rudi kwa wale wanaojenga hedifoni za umeme tuli nyumbani leo. Wapo nchi nyingi, na vifaa vyao si vya anasa: plastiki nyembamba, bodi za saketi zilizotobolewa matundu, gundi, na unga wa grafiti, ile kitu nyeusi ya ndani ya penseli. Kwangu mimi hii ndiyo darasa bora la sauti, kwa sababu kila uamuzi unausikia.

Ukikaza kiwambo sana, besi inapotea. Ukikilegeza sana, kinavutwa na sahani moja na kushikana nayo, sauti inakufa. Nafasi kati ya kiwambo na sahani huwa kama nusu milimita. Ukiipunguza, sauti inaongezeka lakini besi kubwa itagonga sahani. Ukiiongeza, kiwambo kina nafasi ya kucheza lakini unahitaji volti zaidi. Matundu yakiwa machache, hewa inakwama na sauti za juu zinafifia. Yakizidi, sahani inakosa eneo la kuvutia kiwambo. Hata ile grafiti: unaipaka halafu unaifuta karibu yote. Ikibaki nyingi, chaji inakimbia kutoka sehemu moja hadi nyingine kiwambo kikisonga, na nguvu haiwi sawa tena. Na ukimaliza yote hayo halafu mto wa sikio usikae vizuri, besi inatorokea kwa kando.

Hakuna chaguo hata moja hapo lililo sahihi peke yake. Kila ukipata kitu, unalipa na kingine. Hiyo ndiyo maana ya "ubora wa sauti", na hakuna stika inayoweza kukuambia.

Onyo, na sitanii: stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Hizi hedifoni zinatumia zaidi ya mara mbili ya hapo, kando ya kichwa chako. Chaji ya kiwambo hupitishwa kwa rezista kubwa sana ili mkondo uwe mdogo, lakini ampu inayolisha zile sahani inaweza kuua. Usijaribu bila mtu anayejua volti za juu.

Bei za dukani zinaeleza hadithi nyingine. Mwaka wa 1991 Sennheiser walitoa Orpheus, hedifoni za umeme tuli na ampu yake ya valvu, seti 300 hivi tu, kwa bei ya gari. Zinasifiwa sana mpaka leo. Na bado kanuni ndani yake ni ileile ya rula na karatasi. Unacholipia ni usahihi wa mikono iliyozijenga, si siri ya fizikia.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu. Sisi tumefundishwa kuwa watu wa kununua sauti, halafu tunabishana nani amenunua vizuri. Huku kila mtaa una kijana mwenye meza imejaa waya na spika zilizofunguliwa, na kila mtu kejani anamwambia aache uchafu, atafute kitu ya maana. Baba ya West alikuwa na sababu nzuri za kuogopa. Lakini kama kijana wake angesikiza ile hofu, au kama angerekebisha tu zile hedifoni bila kuuliza kwa nini, ile betri ingebaki mahali pake na hakuna mtu angejua kulikuwa na kitu pale.

Kama unamjua msee wa meza ya waya, mtumie hii. Na kama ni wewe, tuambie kwa komenti: kitu gani ulifungua kwanza, na kilikushinda wapi?