Dan Jansen na Mchezo Usiosamehe

Sisi tumelelewa na mbio ndefu. Ukikulia Kenya unafunzwa mapema kwamba kuanguka si mwisho wa safari. Mashabiki wa riadha wanaijua ile ya Munich 1972: Lasse Viren wa Finland alianguka katikati ya mita 10,000, akainuka, akashinda na kuweka rekodi ya dunia juu yake. Tunaipenda hadithi hiyo manake mbio ndefu husamehe. Kuna raundi 25, utafidia tu.

Sasa fikiria mchezo usio na huo msamaha. Mita 500 kwenye barafu, raundi moja na kidogo, unakimbia juu ya vyembe vya chuma vyenye unene wa milimita moja hivi. Ukimaliza kwa sekunde 36, wastani wako ni kilomita 50 kwa saa, kasi ya matatu mjini. Hapo hakuna kuinuka. Ukigusa barafu kwa mkono, habari yako imekwisha.

Dan Jansen alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alizaliwa 1965 huko West Allis, karibu na Milwaukee, Marekani, kitinda mimba wa watoto tisa. Akiwa na miaka 18 alienda Olimpiki ya Sarajevo, 1984, akawa wa nne kwenye mita 500. Shaba ilimpita kwa sekunde 0.16. Kwa kijana wa umri huo hayo si mabaya hata kidogo. Kila mtu aliona wakati wake unakuja.

Februari 1988 ulionekana umefika. Dunia ilikuwa na mashindano yake ya mbio fupi, ambapo unakimbia mita 500 mara mbili na mita 1,000 mara mbili kwa siku mbili, kisha hesabu inajumlishwa. Jansen aliyashinda nyumbani kwao West Allis, wiki moja tu kabla ya Olimpiki ya Calgary.

Alfajiri ya tarehe 14 Februari simu ikaingia Calgary. Dada yake Jane, aliyekuwa akiugua saratani ya damu, alikuwa mahututi. Dan akaongea naye kwa simu, lakini Jane hakuwa na nguvu ya kujibu. Saa chache baadaye akafariki, akiwa na miaka 27. Na siku hiyohiyo Dan alikuwa na mbio.

Akaingia uwanjani. Kona ya kwanza tu, mguu ukateleza, akaanguka na kuserereka hadi pembeni. Siku nne baadaye, mita 1,000. Hapo alikuwa anaongoza kwa muda kufikia alama ya mita 600. Zikiwa zimebaki kama mita 200, akaanguka tena, na safari hii haikuwa hata kwenye kona, ilikuwa sehemu iliyonyooka.

Dunia ilimhurumia. Lakini huruma nayo ina gharama zake. Kuanzia siku hiyo akawa yule jamaa aliyeanguka. Albertville, 1992, hakuanguka, lakini alimaliza wa nne mita 500 na wa 26 mita 1,000. Watu wakaanza kusema ati ana mkosi, ati presha ya Olimpiki inamshinda.

Hebu tuangalie namba badala ya mkosi. Desemba 1993, ndani ya ukumbi wa Hamar huko Norway, Jansen alikimbia mita 500 kwa sekunde 35.92. Hakuna binadamu aliyekuwa ameshuka chini ya sekunde 36 kabla yake. Januari 1994 akaishusha tena hadi 35.76 huko Calgary, palepale alipoangukia mara mbili, na akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi kwa mara ya pili. Msee wa mkosi hafanyi hivyo.

Kwa hivyo tatizo lilikuwa wapi? Sehemu ya jibu iko kwenye kanuni. Mashindano ya dunia yalimpa mtu mbio nne. Olimpiki ilimpa mita 500 mara moja tu, basi. Ni kama KCSE: miaka minne ya kazi, halafu siku chache ndizo zinazoamua wewe ni nani. Miaka minne baada ya Jansen, huko Nagano 1998, Olimpiki ilibadilisha kanuni na mita 500 zikawa zinakimbiwa mara mbili, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba leni unayoanzia inaweza kukupa au kukunyima faida. Utaratibu huo ulidumu hadi 2014. Jansen hakuwahi kuuonja.

Bahati moja alipata. Waandalizi waliamua kutenganisha michezo ya baridi na ile ya kiangazi, kwa hivyo baada ya 1992 Olimpiki ya baridi ilirudi 1994 badala ya 1996. Ikaandaliwa Lillehammer, na mbio za barafu zikapelekwa Hamar, ukumbi uleule wa rekodi yake.

Tarehe 14 Februari 1994, miaka sita kamili tangu Jane afariki, Jansen akakimbia mita 500. Akateleza kwenye kona ya mwisho, mkono ukagusa barafu, akawa wa nane. Aleksandr Golubev wa Urusi alishinda kwa 36.33, muda ambao Jansen alikuwa ameshaupita hapohapo miezi miwili iliyotangulia.

Ikabaki mita 1,000, tarehe 18, mbio yake ya mwisho ya Olimpiki. Hii haikuwa hata ile aliyosifika nayo zaidi. Kuelekea mwisho akayumba kidogo kwenye kona, na kila aliyejua historia yake akashika roho. Safari hii mguu ulishika. Dakika 1 na sekunde 12.43: rekodi ya dunia na dhahabu. Baadaye akazunguka uwanja polepole akiwa amembeba binti yake ambaye hakuwa hata na mwaka. Jina la mtoto, Jane.

Huwa tunaisimulia hadithi hii kama ya mtu aliyeshindwa miaka kumi kisha akafaulu. Mimi sikubali. Bingwa wa dunia wa 1988 alikuwa bingwa hata asubuhi ile aliyopigiwa simu. Angeyumba zaidi kidogo tu kwenye kona ile ya Hamar, dhahabu ingekwenda kwa mwingine, na leo tungemwita mshinde. Rekodi ya 35.76 ingebaki palepale, na mtu aliyeiweka angekuwa ni yuleyule.