Kabla Sinema Haijaanza Kusema

Mwaka 1931 Charlie Chaplin aliifungua filamu yake City Lights kwa hafla ya kuzindua sanamu. Waheshimiwa wanasimama kuhutubia umati, lakini kinachotoka vinywani mwao si maneno. Ni mlio wa kukwaruza, kama bata aliyebanwa koo. Hollywood ilikuwa imeshahamia kwenye filamu zenye sauti, Chaplin akawa amegoma, na huu ulikuwa mzaha wake kwa waliohama. Katika hafla hiyohiyo yumo mzee anayeigiza mchongaji wa sanamu. Anaitwa Granville Redmond, na alikuwa kiziwi tangu utotoni. Ukishalijua hilo, mzaha unapata ladha nyingine: hotuba zimegeuzwa kelele tupu, na hapo hapo amesimama mtu ambaye maisha yake yote aliwatazama wenzake wakifungua na kufumba midomo.

Redmond hakuokotwa mtaani. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1871, homa ikamwondolea usikivu akiwa mdogo, akasoma katika shule ya viziwi ya California. Mwalimu wake wa uchoraji, Theophilus d'Estrella, naye alikuwa kiziwi, na alimfundisha pia kuigiza bila maneno. Alikwenda Paris kusomea sanaa, kisha akawa mchoraji anayeheshimika wa mandhari ya California. Chaplin alimpa chumba cha kuchorea ndani ya studio yake, akamwingiza kwenye filamu kadhaa, zikiwemo A Dog's Life (1918) na The Kid (1921), na kutoka kwake akajifunza alama na herufi za vidole. Wapo wanaopenda kuamini kwamba kiziwi huyu ndiye aliyemfundisha Chaplin kuigiza. Naona wanatia chumvi. Chaplin alikulia kwenye kumbi za burudani za London na alishaijua kazi yake. Kinachonivutia ni jambo dogo zaidi. Kwenye filamu isiyo na sauti, kiziwi na anayesikia walifanya kazi kwa zana zilezile: uso, mikono, mwili. Na ukumbini wote walisoma vibao vilevile vya maandishi.

Viziwi wa Marekani waliijua thamani ya kamera mapema. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan ulipitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama ikaanza kufukuzwa madarasani. George Veditz, aliyekuwa rais wa chama cha kitaifa cha viziwi cha nchi hiyo, aliona kwamba mabingwa wa lugha hiyo wanazeeka, na kitabu hakiwezi kuishika lugha inayoishi kwenye mikono. Chama kikachangisha fedha na kuanza kupiga filamu. Mwaka 1913 Veditz mwenyewe akasimama mbele ya kamera kuitetea lugha yake. Hakuna seti wala hadithi, ni mwanamume aliyevaa suti na mikono yake tu. Vitabu vya historia ya sinema nilivyopewa kusoma darasani havimtaji hata kwa mstari mmoja, ingawa mwaka 2010 filamu yake iliingizwa kwenye rejista ya kitaifa ya filamu za Marekani. Kwangu ni mwanzo halisi wa mada hii, kwa sababu viziwi ndio walioamua nini kipigwe picha, nani asimame, na kwa nini.

Kisha ikaja The Jazz Singer, Oktoba 1927. Katika miaka michache vibao vya maandishi vikatoweka, na mlango ukafungwa pande zote mbili, wa jukwaani na wa ukumbini. Emerson Romero, kiziwi mzaliwa wa Havana aliyeigiza vichekesho kwa jina la Tommy Albert, alikosa kazi. Hakukaa akilia. Mwaka 1947 alichukua filamu za sauti, akazikata na kupachika vibao vya maandishi katikati ya picha, akawa anazikodisha kwa shule na vilabu vya viziwi. Sauti ilivurugika na filamu zikarefuka, lakini wateja wake sauti haikuwahusu. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kugharimia filamu zenye manukuu kwa ajili ya viziwi.

Manukuu ni haki ya mtazamaji. Hata kwetu, sheria ya Kenya ya 2003 ya watu wenye ulemavu iliagiza stesheni za runinga ziweke mkalimani wa alama au manukuu kwenye taarifa za habari. Lakini kijisanduku cha pembeni hakimpi kiziwi nafasi ya kuandika, kuigiza wala kuongoza. Hollywood iliendelea kuwapa wanaosikia nafasi za viziwi: Jane Wyman alipata Oscar kwa Johnny Belinda ya 1948. Mwaka 1979 Amy Irving alipoigiza kiziwi katika Voices, viziwi waliisusia filamu hiyo. Marlee Matlin akashinda Oscar ya filamu ya 1986, Children of a Lesser God, akiwa na miaka 21. Hadi kiziwi mwingine, Troy Kotsur, anaipata mwaka 2022, ilikuwa imepita miaka 35.

Kotsur aliipata kwa CODA, ambayo ni hadithi ya filamu ya Kifaransa ya 2014, La Famille Bélier. Kule wazazi viziwi waliigizwa na wanaosikia. Wafadhili wa CODA nao walitaka majina makubwa yanayosikia, na Matlin akasema hivyo ikiwa, yeye anajitoa. Wakakubali. Seti ilipokuwa tayari, Alexandria Wailes, msanii kiziwi aliyesimamia lugha ya alama, alikiangalia chumba cha sebule na kueleza kwamba familia ya viziwi haipangi viti namna ile. Lazima kila aliyeketi aweze kuwaona wenzake na kuuona mlango. Wakavihamisha viti.