Vidole vya Miguu Vilivyopinda au Kuzidi kwa Mtoto

Mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya miguu vilivyopinda, vilivyoungana au vilivyozidi vitano. Hali hizi huanza vidole vinapoumbika katika miezi ya mwanzo ya mimba, na nyingine hurithiwa katika ukoo. Si laana, wala si kosa la mama.

Kidole kilichopinda
Mara nyingi ni cha tatu, cha nne au cha tano. Vingi hunyooka mtoto anapokua, au hubaki hivyo bila kumsumbua. Usikinyooshe kwa nguvu. Kikimuuma, kikiota sugu au kumzuia kuvaa viatu, daktari anaweza kulegeza kano kwa upasuaji mdogo.

Kidole cha ziada
Usikifunge uzi nyumbani. Kinaweza kutoa damu, kuoza au kupitisha vijidudu vya pepopunda. Chenye mfupa huondolewa kwa upasuaji, mara nyingi mtoto akikaribia mwaka 1.

Vidole vilivyoungana
Kwa kawaida havizuii kutembea na havihitaji upasuaji.

Viatu
Chagua vipana mbele, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Mpime akiwa amesimama.

Mpeleke kituo cha afya mapema ukiona:
- kidole kimevimba, kinatoa usaha au kimebadilika rangi
- mtoto anachechemea
- unyayo mzima umepinda kuelekea ndani. Huu hutibiwa kwa plasta, na matokeo ni mazuri zaidi ukianza wiki za kwanza za maisha.